Maswali ya Wasomaji: Msukumo Unaoongezwa Hupimwaje?

Katika toleo lililopita tulieleza jinsi ndege zinavyopaa wima, na tukagusia kwa sentensi moja tu kifaa kiitwacho ejekta, ambacho huongeza msukumo wa injini kwa kuvuta hewa ya pembeni. Sentensi hiyo moja imetuletea barua nyingi kuliko makala yote iliyobaki. Tumechagua nne, na tumezijibu kwa urefu usiolingana, kwa kuwa maswali yenyewe hayalingani uzito.

Swali la kwanza. *Ndugu Mhariri, mliandika kwamba ndege inaweza kupata msukumo mkubwa kuliko ule wa injini yake, bila kuongeza mafuta, kwa kupitisha gesi ya injini ndani ya mfereji ulio wazi juu na chini. Mimi ni mwalimu wa fizikia na wanafunzi wangu wamenibana. Nishati hiyo ya ziada inatoka wapi?*

Mwalimu, hakuna nishati ya ziada, na wanafunzi wako wamefanya vyema kulitilia shaka jambo hili. Kinachoongezeka ni msukumo, na msukumo na nishati havipandi kwa kipimo kimoja. Msukumo wa mkondo wa hewa ni zao la tungamo linalotoka kila sekunde na kasi yake, ilhali nishati ya mkondo huohuo ni nusu ya tungamo mara kipeo cha pili cha kasi. Chukua injini inayotoa kilo 10 za hewa kila sekunde kwa kasi ya mita 400 kwa sekunde. Msukumo wake ni nyutoni 4,000, na nishati inayobebwa na mkondo ni kilojuli 800 kila sekunde. Iwapo nishati hiyohiyo ingegawiwa kilo 40 za hewa, kasi ingeshuka hadi mita 200 kwa sekunde, lakini msukumo ungefika nyutoni 8,000.

Maelezo mengi huishia hapo, nami naomba twende hatua moja mbele, kwa sababu ndiyo inayoamua kama kifaa kitafanya kazi au la. Mkondo wa injini ukiachwa huru hewani nao huvuta hewa ya pembeni na kuchanganyika nayo. Kilo 10 zenye kasi ya mita 400 zikiburuta kilo 30 zilizotulia, mchanganyiko wote utakwenda kwa mita 100 kwa sekunde, na msukumo utabaki palepale, nyutoni 4,000, huku robo tatu ya nishati ikipotelea katika misukosuko ya hewa na joto. Kuchanganya peke yake, basi, hakuongezi chochote. Faida huja pale mkondo unapozungukwa na kuta zenye mdomo wa mviringo upande wa juu. Hewa inayovutwa hulazimika kuongeza kasi inapoupinda mdomo huo, shinikizo lake hushuka chini ya shinikizo la hewa ya nje, na mdomo wenyewe hufyonzwa kuelekea kule hewa inakotoka, yaani juu. Kani ya ziada hushikwa na bati la mdomo. Wanafunzi wakiuliza ni kitu gani hasa kinachoinua ndege, waelekeze wauguse mdomo huo wa mviringo kwa kidole, maana ni hapo.

Theodore von Kármán, mtaalamu wa elimu ya mwendo wa hewa, alilishughulikia suala hili kinadharia mwaka 1949. Kwa ejekta ya kufikirika yenye mfereji wa upana mmoja kutoka juu hadi chini, isiyo na msuguano wowote, msukumo hauwezi kuzidi mara mbili ya ule wa awali, hata mfereji ukipanuliwa bila kikomo. Sehemu ya chini ikitanuliwa kama faneli iliyogeuzwa, kikomo hicho hupanda, mradi hewa iendelee kushikamana na kuta. Ikibanduka ukutani, ongezeko huporomoka ghafla. Ndiyo maana kazi kubwa ya wahandisi wa ejekta imekuwa kuzuia mbanduko huo katika mfereji mfupi, kwa sababu ndani ya ndege hakuna nafasi ya mfereji mrefu.

Swali la pili. *Sisi ni kikundi cha wanafunzi wa ufundi mitambo. Tumetengeneza ejekta ndogo ya bati, tunailisha hewa ya kompresa kwa bomba la mpira, na tumeifunga juu ya mizani ya kidijitali. Msukumo tuliopata ni mara mbili na nusu ya ule wa nozeli (tundu jembamba linalopuliza hewa) ikiwa peke yake. Mkufunzi wetu haamini. Je, tumekosea wapi?*

Hongereni kwa kutengeneza kitu na kukipima badala ya kubaki na michoro. Hata hivyo mkufunzi wenu ana sababu ya kusita, na ningeanza kulichunguza bomba kabla ya kuichunguza ejekta.

Miaka mingi iliyopita nilishiriki jaribio linalofanana sana na lenu. Tulikuwa tumefurahia matokeo kwa siku mbili, mpaka fundi mmoja mtulivu alipopendekeza tuizibe nozeli kwa kizibo kisha tufungue vali kama kawaida. Hakukuwa na hewa iliyotoka hata chembe. Mshale wa mizani ulipanda, ukatikisika kidogo, ukatulia, ukabaki pale kana kwamba kuna kitu kinasukuma. Bomba la mpira likijaa shinikizo hukakamaa na kutaka kujinyoosha, na kwa kuwa letu lilikuwa limepinda kabla ya kufika kwenye mizani, sehemu kubwa ya ongezeko tulilokuwa tukijivunia ilikuwa kani ya bomba. Nilijifunza siku ile kwamba jaribio la kizibo hufanywa asubuhi ya kwanza, na hufanywa kwa kila kiwango cha shinikizo kitakachotumika, kwa sababu kosa la bomba hukua kadiri shinikizo linavyokua. Dawa yake ni kuliingiza bomba kwa pembe mraba na mwelekeo wa msukumo, au kutumia mabomba mawili yanayotazamana ili yafutane, kisha kutoa kile kinachobaki kwa hesabu.

Jambo la pili ni kigawanyo. Mnaposema «mara mbili na nusu», mmegawanya kwa msukumo gani? Inaelekea mliipima nozeli peke yake, mkaandika namba, mkavisha kuta, mkapima tena kwa shinikizo lilelile lililosomeka kwenye saa ya kompresa. Lakini kuta zikishawekwa, shinikizo mbele ya nozeli hushuka chini ya lile la chumbani, na nozeli hiyohiyo huweza kupitisha hewa nyingi zaidi kuliko awali. Hapo mnalinganisha vipimo viwili ambavyo havikutumia hewa sawa. Pimeni mtiririko wenyewe kwa venturi (bomba lenye kiuno chembamba la kupimia mtiririko) iliyo karibu na nozeli, na pimeni shinikizo na joto la hewa inapoingia kwenye nozeli badala ya kutegemea saa iliyo kwenye tangi, ambalo pia huishiwa wakati jaribio linaendelea. Watafiti wa fani hii hugawanya kwa msukumo ambao kiasi hichohicho cha hewa kingetoa kama kingetanuka bila hasara yoyote kutoka shinikizo lilelile hadi shinikizo la hewa ya nje. Kigawanyo hicho hakiwapendelei, na kwa sababu hiyo ni kizuri: kinawazuia kujipatia sifa kwa kulinganisha na nozeli mbovu.

Chumba nacho huingilia. Ejekta huvuta hewa nyingi, na katika chumba kidogo hewa iliyotolewa chini huzunguka, hupanda kando ya kuta za chumba na kurudi kwenye mdomo ikiwa tayari ina mwendo. Mtajua kwa kusogeza kifaa katikati ya karakana kubwa, au nje siku isiyo na upepo, na kuona kama namba inabadilika. Pia hakikisheni kwamba mkondo unaotoka haugongi sahani ya mizani, kwa sababu ukiigonga mtakuwa mnapima kani mbili kwa pamoja bila kujua.

Mkishamaliza hayo, bandikeni nyuzi fupi za pamba kwenye mdomo na kwenye kuta za ndani za sehemu inayotanuka. Uzi unaolala ukutani ukiwa umenyooka unaonyesha hewa iliyoshikamana. Uzi unaotapatapa au unaogeuka kuelekea juu unaonyesha mahali ilipobanduka. Katika ejekta za mstatili angalieni kwanza pembeni, kule ambako ukuta mrefu unakutana na ukuta mfupi, maana mbanduko hupenda kuanzia kwenye kona. Kisha pitisheni kibomba cha pito, kile cha kupimia kasi ya hewa, kwenye tundu la kutokea, sentimita kwa sentimita, mjumlishe msukumo kutokana na kasi mliyosoma, na muulinganishe na mizani. Njia hizo mbili zikipishana sana, msiamini hata moja mpaka mjue sababu. Mkibaki na 1.3 baada ya usafi huu wote, nitawapa mkono kwa heshima kubwa zaidi kuliko ambavyo ningewapa kwa 2.5.

Swali la tatu. *Nimewahi kusikia juu ya ndege ya kijeshi ya Marekani iliyojengwa kwa teknolojia hii, ikashindwa kujiinua kutoka ardhini ingawa maabara ilikuwa imethibitisha kwamba ingepaa. Jambo kama hilo linawezekanaje kwa watu wenye vifaa vyote?*

Ndege unayoitaja ni XFV-12A, iliyotengenezwa na kampuni ya Rockwell kwa ajili ya jeshi la majini la Marekani. Mradi ulianza mwaka 1972 na ndege ilikamilika mwaka 1977 katika kiwanda cha Columbus, Ohio. Ili kupunguza gharama, pua yake ilitoka kwenye A-4 Skyhawk na baadhi ya sehemu nyingine kwenye F-4 Phantom. Wazo lilikuwa la kuvutia kweli: wakati wa kupaa wima, njia ya nyuma ya injini yake moja ya Pratt & Whitney F401 ilizibwa, na gesi ikapelekwa kwa mifereji hadi kwenye mabawa makuu na mabawa madogo ya mbele, ambako flapu ndefu (vipande vya bawa vyenye bawaba) zilifunguka na kuwa kuta za ejekta. Ndege ikishapata kasi, flapu zilifungwa na mabawa yakarudi kuwa mabawa ya kawaida.

Mwaka 1978 ilipelekwa kwenye kituo cha NASA Langley, Virginia, ikaning'inizwa kwa nyaya chini ya fremu kubwa ya chuma yenye kimo cha takriban mita 73, ileile iliyojengwa katika miaka ya 1960 kwa ajili ya kuwafundisha wanaanga wa Apollo namna ya kutua mwezini. Njia hii ya nyaya ni ya busara, kwani rubani hukaa ndani, injini huwashwa kwa nguvu kamili, na ndege ikikosa msukumo haidondoki. Vipimo vya maabara vilikuwa vimetoa matarajio ya ongezeko la asilimia 55. Kwenye ndege yenyewe, mabawa makuu yalitoa asilimia 19 na mabawa madogo ya mbele asilimia 6. Msukumo wote ulitosha kubeba robo tatu tu ya uzito wa ndege, na mradi ukafutwa mwaka 1981.

Umeuliza inawezekanaje. Sidhani kwamba maabara ilidanganya. Nadhani ilijibu swali dogo kuliko lile lililoulizwa na ndege. Kipande cha ejekta kwenye jukwaa la majaribio hulishwa hewa kwa bomba lililonyooka, ikafika kwenye nozeli ikiwa imetulia na kusambaa sawasawa kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ndani ya ndege, gesi hiyohiyo hutoka kwenye injini, hupinda, hugawanyika, hupenya katika bawa jembamba ambalo upana wake hupungua kuelekea ncha, na kufika ikiwa na shinikizo kubwa sehemu moja na dogo sehemu nyingine. Kuta za maabara ni ngumu na zimefungwa barabara. Flapu za ndege zina bawaba, zina nyufa, na hupinda kidogo zinapopata joto. Kila jambo kati ya haya huleta hasara ndogo, na ejekta haivumilii hasara ndogo, kwa sababu mbanduko wa hewa mahali pamoja huharibu mvuto wa mahali pa jirani.

Tena kuna suala lilelile la kigawanyo nililowaeleza wanafunzi hapo juu, ambalo kwenye ndege nzima linauma zaidi. Tuseme injini inatoa kilonyutoni 30 ikipuliza moja kwa moja kwa nyuma. Mifereji na kona zikila asilimia 15, nozeli za ejekta zitabaki na kilonyutoni 25.5. Ejekta yenye uwiano wa 1.4 itaupandisha msukumo huo hadi 35.7, na mtu wa matangazo ataandika «asilimia 40». Lakini ukilinganisha na injini tuliyoanza nayo, faida halisi ni asilimia 19. Kutoka kwenye faida hiyo lazima utoe uzito wa mifereji, flapu na vali zilizoongezwa, na hewa inayotumika kuiweka ndege sawa isipinduke, kisha ubaki na akiba ya kutosha kwa ndege kuweza kupanda na kusahihisha makosa ya rubani. Ukishusha uwiano ule kutoka 1.4 hadi 1.2, ambao bado ni uwiano wa heshima kwa ejekta, utabaki na kilonyutoni 30.6. Faida yote imekwisha, na uzito wa mifereji bado umo ndani ya ndege.

XFV-12A haikuwa ya kwanza kukutana na hesabu hii. Lockheed ilikuwa imejenga XV-4A Hummingbird kwa jeshi la nchi kavu la Marekani, ikiwa na safu za nozeli ndani ya kiwiliwili chake na milango iliyofunguka juu na chini. Hiyo ilifanikiwa kuelea hewani bila nyaya mwaka 1963, na mwishoni mwa mwaka huohuo ikahama kutoka kuelea hadi kuruka kwa mabawa. Hata hivyo msukumo wake ulizidi uzito wake kwa kiasi kidogo mno, kiasi kwamba haikubakiwa na nafasi ya kubeba mzigo wenye maana. Ndege mojawapo ilianguka mwaka 1964 na kumuua rubani wake. Ninamtaja kwa sababu tunapozungumzia akiba ya msukumo kama asilimia kwenye karatasi, yuko mtu aliyekaa juu ya asilimia hiyo.

Waliofuata walibadili utaratibu. Katika miaka ya 1980, General Dynamics ilipobuni ndege ya ejekta iliyoitwa E-7, modeli ya ukubwa kamili yenye injini halisi ilijaribiwa kwanza katika kituo cha NASA Ames, California, ikiwa tuli na pia ndani ya handaki la upepo, yaani njia kubwa ambamo hewa hupulizwa kuipita ndege iliyosimama. Ndege yenyewe haikujengwa. Naona huo ulikuwa utaratibu ulio sahihi, kwani mfereji, kona, nozeli na mdomo vilipimwa pamoja kama kitu kimoja, kabla ya fedha za ndege nzima kutumika.

Swali la nne. *Kwa nini F-35B, ndege ya kivita ya Marekani inayoweza kutua wima, inatumia feni kubwa nyuma ya rubani badala ya ejekta isiyo na kitu kinachozunguka? Na je, ejekta ina matumizi yoyote leo?*

Feni hiyo ni binamu wa ejekta, kwa maana kwamba nayo hutafuta hewa nyingi yenye kasi ndogo. Tofauti ni namna nishati inavyohamishwa. Ejekta huihamisha kwa kugonganisha hewa ya haraka na ya polepole, na kila mgongano hupoteza kitu. Feni huipokea kwa shafti kutoka kwenye turbini, ambako hasara ni ndogo zaidi. Feni ya F-35B hutoa zaidi ya kilonyutoni 80 za kuinua. Ndege ya majaribio Ryan XV-5A, iliyoanza kuruka mwaka 1964 ikiwa na feni ndani ya mabawa, ilipata msukumo wa wima karibu mara tatu ya ule wa injini zake, kiwango ambacho ejekta ya ndani ya ndege haijakikaribia. Gharama yake ni shafti, klachi na gia zinazobeba nguvu kubwa kwa dakika chache na kisha kubebwa bure safari nzima.

Kuna kikwazo kingine ambacho majaribio ya ndege iliyosimama hayakionyeshi kabisa. Ndege inapoanza kwenda mbele, hewa yote inayovutwa na ejekta lazima kwanza iburutwe hadi kasi ya ndege, na mburuto huo hukua pamoja na kasi huku ongezeko la msukumo likipungua. Kwa hiyo ejekta iliyong'ara ikiwa tuli inaweza kuwa mzigo katikati ya mpito kutoka kuelea hadi kuruka kwa mabawa, kabla mabawa hayajaanza kubeba uzito. Ndiyo sababu jaribio la handaki la upepo haliwezi kuachwa, na ni lazima lifanyike kwa kasi kadhaa kuanzia sifuri hadi ile ambayo mabawa yanatosha. Vilevile hupimwa kwa vimo tofauti kutoka ardhini, kwa kuwa mikondo inayogonga sakafu hurudi juu, na gesi ya moto ikiingia tena kwenye injini msukumo hupungua wakati uleule rubani anapouhitaji.

Kuhusu matumizi, mahali ambapo ejekta ilijionyesha vizuri ni kwenye kupaa kwa umbali mfupi, si wima. Marekani na Kanada zilishirikiana kuibadili ndege ya de Havilland Canada Buffalo, zikaweka ejekta kwenye flapu kando ya urefu wa bawa, nayo ikaanza kuruka mwezi Mei 1972. Pale hewa iliyopulizwa haikutakiwa kubeba uzito wote. Ilitakiwa kulisaidia bawa libebe zaidi kwa kasi ndogo, na hilo ililiweza, ikaendelea kutumika kwa miaka kadhaa katika utafiti wa namna ya kuziongoza ndege zinazotua polepole kwenye njia fupi.